Joseph Szigeti, mpiga fidla wa Hungaria: alikuwa nani, na nianze na rekodi ipi?

UziWaTatu (Ngamiani, Tanga)

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naishi hapa Ngamiani na najifunza fidla. Mnaoijua Tanga mnajua hali ilivyo. Taarabu ya mji huu tangu enzi za Black Star na Lucky Star ilisimama kwa gitaa, besi na kinanda. Fidla tumezoea kuisikia ikitokea Unguja. Mwalimu wangu naye ni wa hukohuko Unguja, huja akipata nafasi, na akishaondoka nabaki na simu yangu na video za intaneti.

Katika kupekuapekua nimekutana na Mhungaria mmoja anaitwa Joseph Szigeti. Anapiga Bach, fidla peke yake, hakuna okestra wala piano. Sauti yake imekauka, upinde unasikika ukikwaruza, na kuna mahali noti inataka kukatika kabisa. Lakini nilishindwa kuizima. Nikatafuta mpigaji mwingine wa kipande hichohicho. Huyo kila kitu safi, sauti imenyooka, na kabla hajafika katikati akili yangu ilikwishahama.

Mwenzangu kikundini ameniambia nimwache huyo mzee, nitajifunza makosa. Sitaki kubishana naye bila kujua. Huyu mtu alikuwa nani? Alijifunza wapi? Ule mkwaruzo aliutaka mwenyewe, au ni uzee, au ndio ulikuwa uwezo wake? Na kwa anayemjua, nianze na rekodi ipi? Bando ni ghali, sitaki kupakua kwa kubahatisha.

KwayaYaJioni (Raskazone, Tanga)

Hongera kaka kwa kushika chombo kigumu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, fidla naisikiliza tu, lakini naona mwenzako ana hoja. Anayeanza anahitaji mfano wa sauti safi. Msikilize Jascha Heifetz, hutajuta.

Na kama unawapenda Wahungaria, hata huko hujatoka nje ya ukoo wao. Mwalimu wa Heifetz, Leopold Auer, alizaliwa Veszprém, Hungaria, mwaka 1845, akaenda kufundisha St. Petersburg kuanzia 1868 hadi mapinduzi ya 1917. Mischa Elman, Efrem Zimbalist na Nathan Milstein wote walipita mikononi mwake. Huko utakuta mkono uliopangika. Szigeti nilimsikiliza mara moja, sikufika mwisho.

MamaKaole (Bagamoyo)

Marahaba mwanangu UziWaTatu. KwayaYaJioni, habari za siku baba. Heifetz simpingi, nani atampinga? Lakini kijana ameuliza habari za Szigeti, na kwa Szigeti mimi siwezi kupita kimya. Nimefundisha muziki hapa Bagamoyo mpaka nikastaafu, na katika wapiga fidla wote wa Ulaya huyu ndiye niliyekaa naye zaidi. Mnivumilie, nitaandika kirefu.

Alizaliwa Budapest tarehe 5 Septemba 1892, jina lake József Singer. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, akapelekwa kulelewa na babu na bibi katika mji mdogo wa Máramarossziget, karibu na milima ya Karpati. Leo mji huo uko Romania na unaitwa Sighetu Marmației. Jina la Szigeti limetoka huko.

Sasa hapa ndipo nataka usome taratibu, maana mimi naona jibu la swali lako limeanzia hapa. Bendi ya mji ule karibu yote ilikuwa ya watu wa ukoo wake. Mtoto alikulia ndani ya muziki wa wakubwa zake. Kabla ya fidla, shangazi yake alimfundisha kidogo kupiga simbalomu. Ukiiona utadhani ni kanuni, nyuzi nyingi zimelala juu ya sanduku, ila yenyewe hugongwa kwa vijiti. Akiwa na miaka sita, mjomba wake Bernat akamwekea fidla begani. Kwa hiyo sauti ya kwanza aliyoijua huyu mtoto ilikuwa sauti ya watu waliopigia mji wao, watu wanaotaka msikilizaji wa nyuma kabisa aelewe wimbo unasema nini.

Baba yake alipoona kipaji akamrudisha Budapest, na huko akaingia darasa la Jenő Hubay katika Chuo cha Muziki. Hubay alikuwa mwanafunzi wa Joseph Joachim, Mhungaria mwingine aliyezaliwa mwaka 1831 na kuwa mkubwa wa fidla Berlin. Darasa la Hubay zama zile lilikuwa na watoto wa ajabu watupu: Franz von Vecsey, Stefi Geyer, Jelly d'Arányi. Ulaya ilikuwa na njaa ya watoto wa ajabu. Mtoto anavishwa suruali fupi, anapandishwa jukwaani, anapiga vipande vya kasi vya kutisha, watu wanashangilia, na mameneja wanahesabu.

Szigeti naye akapitishwa humo. Mwaka 1905, akiwa na miaka 13, alipigia Berlin kwa mara ya kwanza, na orodha ya vipande vyake usiku ule ilikuwa nzito: Chaconne ya Bach (kipande kirefu cha fidla peke yake), konseto ya Ernst (konseto ni kipande cha mpigaji mmoja na okestra), na Paganini juu yake. Gazeti moja kubwa la Berlin likatoa picha yake tu na maneno mawili matatu chini. Basi. (Mwaka huohuo wa 1905 ndipo Ikhwani Safaa ilipoundwa Unguja. Nawatajia ili mwone kwamba hizi si habari za kale mno, ni zama za mababu zetu.)

Baada ya hapo alifanya kazi msimu mzima na kikundi cha maigizo katika mji wa mapumziko huko Hungaria, akipiga fidla katikati ya sehemu za mchezo. Kisha akaenda Frankfurt, Ujerumani, akapiga fidla katika sarakasi. Huko hata jina walimbadilisha, akaitwa Jóska Szulagi. Mwanangu, mimi kila nikifikiria jambo hili huwa nasimama kidogo. Mtoto ambaye Chaconne iko vidoleni mwake anapanda ulingoni kwa jina la kuazima. Wengi waliopita njia ile hawakutoka. Walizeeka wakiwa bado wanatafuta makofi ya utotoni.

Kilichomtoa Szigeti ni watu aliokutana nao, na pia kichwa chake mwenyewe. Mwaka 1906 Hubay alimpeleka kwa Joachim, akampigia mzee yule konseto ya Beethoven. Joachim akapendezwa, akamwambia aje amalizie masomo kwake. Mtoto wa umri ule kualikwa na Joachim! Akakataa. Hakutaka kumwacha mwalimu wake, na tena alipotazama jinsi Joachim alivyoishi na wanafunzi wake hakuona ukaribu wowote. Mwaka uliofuata Joachim akafariki.

Akahamia Uingereza, akazunguka na waimbaji na wapigaji wakubwa, Nellie Melba akiwa mmojawapo. Mmoja wa aliozunguka nao alikuwa Ferruccio Busoni, mpiga piano na mtunzi. Huyu ndiye aliyemtikisa. Alimrudisha kwenye ileile Chaconne aliyoipiga Berlin na kumfanya aisome upya, safari hii kwa kuuliza kila sauti ndani yake imetoka wapi na inakwenda wapi. Wakabaki marafiki mpaka Busoni alipofariki mwaka 1924.

Mwaka 1913 akapatikana na kifua kikuu, akalazwa Davos, kule milimani Uswisi walikokuwa wakipelekwa wagonjwa wa kifua. Safari za muziki zikakatika. Alipopona akapata kazi ya kufundisha Geneva mwaka 1917, akiwa na miaka 25, na hukohuko akamwoa Wanda Ostrowska, binti aliyezaliwa Urusi na kukwama Geneva kwa sababu ya mapinduzi. Mtoto wao Irene baadaye aliolewa na mpiga piano Nikita Magaloff, ambaye utamsikia katika rekodi kadhaa za mkwewe.

Narudi kwenye mkwaruzo. Majibu yote matatu uliyoyataja yamo, ila kila moja lina mahali pake. Szigeti alishika upinde kwa namna ya zamani, ya zama za Hubay, kiwiko cha kulia kikiwa karibu na ubavu. Wapigaji waliokuja baadaye walifundishwa kuuachia mkono zaidi, na sauti ikawa pana. Hilo la kwanza. La pili, ile Bach uliyoisikia, ikiwa ni ya kutoka kwenye seti nzima ya sonata na partita, yaani vile vipande virefu vya Bach vya fidla peke yake, aliirekodi katikati ya miaka ya 1950, amekwisha kuvuka miaka 60, na baridi yabisi imeanza kumla vidole. Hapo uzee umo, sitakuficha.

Lakini la tatu ndilo kubwa. Alikuwa tayari kutoa sauti isiyopendeza pale muziki wenyewe unapotaka hivyo. Alighani fidla kama mghani wa utenzi anayejua beti zake: haharakishi kwa sababu vina vinapendeza, wala harembi sauti ili asifiwe koo. Anataka neno lifike. Ndiyo maana hukuweza kuizima.

UziWaTatu (Ngamiani, Tanga)

Mama, ahsante sana. Nimesoma yote na nimemsomea mwenzangu. Amenyamaza, hajakubali.

Hiyo habari ya simbalomu na kanuni imenigusa, maana mwalimu wangu mimi alianza kwa kupiga kanuni kabla ya fidla. Nina swali jingine. Je, huyu Szigeti alibaki na vipande vya Bach na Beethoven tu, au alipiga pia muziki wa kwao, ule wa bendi ya ukoo?

KwayaYaJioni (Raskazone, Tanga)

Mama Kaole, shikamoo. Umeandika vizuri sana na nimejifunza, hasa habari za sarakasi. Ila niseme ninachokiona. Tunamtetea kwa hadithi ya maisha yake. Sikio halisomi historia. Mtu akinipigia noti iliyokosa pumzi, mimi nasikia noti iliyokosa pumzi, awe aliugua kifua au hakuugua. Kama alikuwa mkubwa kweli, basi ionekane kwenye rekodi za wakati mkono wake una nguvu.

MamaKaole (Bagamoyo)

Marahaba baba. Umesema kweli, na ni hoja ya mwanamuziki. Basi twende kwenye rekodi za wakati mkono una nguvu.

Brahms, konseto, 1928, na okestra ya Hallé chini ya Hamilton Harty. Huyu Harty mwenyewe, Szigeti alipokuwa bado kijana Uingereza, alikuwa amemtungia konseto. Beethoven, 1932, na kondakta Bruno Walter. Kisha Prokofiev, konseto ya kwanza, 1935, London, na kondakta Thomas Beecham. Hiyo ya Prokofiev ndiyo nakuomba uisikilize wewe KwayaYaJioni, na ukiisikia sehemu ya katikati, ile ya mbio, uniambie kama mkono haukuwa na nguvu.

Tena ina historia yake, na safari hii historia inahusu sikio. Konseto ile ilipopigwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1923, na mpigaji mwingine, haikupokelewa vizuri. Szigeti akaichukua, akaipiga Prague mwaka 1924, akaibeba mji kwa mji mpaka watu wakaizoea. Leo kila mwanafunzi wa fidla Ulaya anaijua. Mpigaji wa kutafuta makofi hachukui kazi iliyokataliwa.

Na hakufanya hivyo kwa Prokofiev peke yake. Ernest Bloch alimtungia konseto, akaipiga mara ya kwanza Cleveland, Marekani, mwaka 1938. Eugène Ysaÿe, Mbelgiji, mfalme wa fidla wa zama zake, alitunga sonata sita za fidla peke yake mwaka 1923, kila moja akiitolea kwa mpigaji mmoja, na ya kwanza ni ya Szigeti. Alipata wazo la kuzitunga baada ya kumsikia Szigeti akipiga Bach. Ileile Bach, baba, ambayo hukuimaliza.

Marekani alifika mara ya kwanza mwaka 1925, akapiga Beethoven na okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski, New York. Mameneja wa kule walimshangaza: walitaka vipande vyepesi vya kufurahisha, sonata ndefu waliziona zitafukuza watu. Hakuwasikiliza. Sonata zikabaki kwenye orodha yake.

Mwanangu UziWaTatu, swali lako la muziki wa kwao. Hapo tunamfikia Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria.

Bartók alitembea vijijini Hungaria, Slovakia na Romania na mashine ya kurekodi, akikusanya nyimbo za wakulima na wapiga fidla wa vijiji. Mwaka 1913 alifika mpaka Biskra, Algeria, akarekodi muziki wa Waarabu wa kule, na mambo aliyoyasikia yakaingia kwenye utunzi wake. Kwa hiyo sisi watu wa pwani tukimsikiliza Bartók tukahisi kuna kitu tunakifahamu, si ndoto.

Mwaka 1928 alitunga Rapsodi ya Kwanza na kumtolea Szigeti. Ndani yake mna nyimbo za fidla za vijijini. Ina sehemu mbili, ya pole na ya kasi, na ile ya pole haitaki sukari hata kidogo. Inataka ukali wa mtu anayepigia watu nje, vumbi linatimka. Sasa fikiria nani alikuwa na sauti hiyo sikioni mwake tangu utoto. Mtoto wa bendi ya Máramarossziget. Bartók alijua anampa nani.

Tarehe 13 Aprili 1940 wawili hao walipiga pamoja Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Bartók mwenyewe kwenye piano. Usiku ule ulirekodiwa. Anza na hiyo. Kama una bando la kitu kimoja tu, basi ni hicho.

Kijana_Dunda (Bagamoyo)

Shikamoo Mama. Naongezea kidogo kuhusu Bartók na Szigeti, kwa wapiga fidla humu.

Mwaka 1938 Szigeti alimwandikia Bartók kumwomba atunge kitu kwa ajili yake na Benny Goodman, mpiga klarineti wa jazi. Goodman ndiye aliyelipa. Kikatoka kipande cha fidla, klarineti na piano kinachoitwa Contrasts. Sehemu mbili zilipigwa New York Januari 1939, na kamili ya sehemu tatu wakairekodi mwaka 1940, Bartók kwenye piano.

Sehemu ya tatu inaanza kwa fidla iliyotyuniwa vingine kabisa. Kawaida yetu ni sol, re, la, mi. Bartók anataka uzi wa chini upandishwe nusu sauti na uzi wa juu ushushwe nusu sauti, ya katikati ibaki. Mpigaji anakuwa na fidla mbili jukwaani, anaanza na hiyo ya ajabu halafu anabadilisha. Ukipiga nyuzi mbili wazi kwa pamoja unapata mgongano mkali, na ndio anaoutaka.

Nimelisema hili kwa sababu sisi tunaopiga mtindo wa Kiarabu tunajua kutyuni si amri ya mbinguni. Misri wanafunga sol, re, sol, re, ili makamu (ngazi za sauti za Kiarabu) zikae vizuri na uzi wazi uitikie. UziWaTatu, muulize mwalimu wako anafungaje yeye. Halafu sikiliza mwanzo wa ile sehemu ya tatu.

MamaKaole (Bagamoyo)

Marahaba mjukuu wangu. Umenifurahisha.

Nimalizie habari ya hao marafiki wawili, maana kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko rekodi zote.

Vita vilipopamba moto Ulaya, wote wawili wakakimbilia Marekani mwaka 1940. Szigeti alipata kazi, alijulikana. Mwaka 1944 hata kwenye filamu ya Hollywood alionekana, akipiga fidla na mchekeshaji Jack Benny. Bartók hali yake ilikuwa mbaya. Fedha kidogo, muziki wake haupigwi sana, na mwili unaisha kwa ugonjwa. Kufika 1943 yuko hospitali New York, hatungi.

Szigeti na Fritz Reiner, kondakta, naye Mhungaria, wakamwendea Serge Koussevitzky, kondakta wa okestra ya Boston, wakamwomba amwagize Bartók kazi mpya. Walijua Bartók hapokei sadaka. Kazi atapokea. Koussevitzky akaenda mwenyewe hospitali na agizo la dola 1,000. Bartók akainuka akatunga Konseto ya Okestra, ikapigwa Boston tarehe 1 Desemba 1944. Leo ni miongoni mwa kazi zake zinazopigwa zaidi. Alifariki Septemba 1945, lakini alikuwa ameisikia.

Hili siliandiki ili kumtetea Szigeti mbele ya sikio la KwayaYaJioni. Naandika kwa sababu kijana ameuliza alikuwa nani, na hili ni sehemu ya jibu. Alijua rafiki yake anahitaji nini, na alijua namna ya kulifikisha bila kumvunjia heshima.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Mwaka 1950 alirudi Marekani kutoka safari ya muziki Ulaya, akazuiliwa Ellis Island, kituo cha wahamiaji New York, siku kadhaa, mtu wa miaka 58 na fidla yake, kisha akaachiwa. Mwaka uliofuata akapewa uraia. Vidole vikazidi kumsumbua, akaendelea kupanda jukwaani hata hivyo, na kuna usiku ambao pengine ilikuwa heri asipande. Mwaka 1960 akahamia tena Uswisi, akafundisha na kuandika juu ya upigaji wa fidla. Alifariki Lucerne tarehe 19 Februari 1973.

Kwa hiyo mwanangu, mwenzako akisema utajifunza makosa, mwambie hivi: mkono jifunze kwa mwalimu wako wa Unguja, ambaye anakuona. Kwa Szigeti jifunze kusikiliza. Chukua Chaconne, ile ya partita ya pili ya Bach. Kuna wazo fupi la mwanzo linalorudi na kurudi kwa zaidi ya dakika kumi, kila mara kwa vazi jingine, na katikati linageuka kutoka giza la re ndogo kwenda mwanga wa re kubwa. Usihesabu mkwaruzo. Fuata ile sauti ya katikati, kati ya nyuzi za juu na za chini, uone kama anaipoteza hata mara moja.

KwayaYaJioni (Raskazone, Tanga)

Mama, nimesikiliza Prokofiev ya 1935. Ile sehemu ya mbio nimeirudia. Mkono ulikuwa na nguvu, narudisha hoja yangu ya nguvu. Sauti yake bado si chaguo langu, na nadhani haitakuwa. Lakini nimesikia jambo moja ambalo Heifetz hanipi: kila sentensi ya muziki inajulikana imeanzia wapi na imeishia wapi, kama vile anajua mimi sijui lugha ile na anataka niipate. Kwenye kwaya hilo ndilo ninalowapigia kelele kila siku waimbaji wangu.

UziWaTatu (Ngamiani, Tanga)

Nimepakua Washington 1940. Nilianza na Rapsodi kama Mama alivyoagiza. Ile sehemu ya kwanza upinde unashuka kwa uzito kwenye uzi wa chini, piano inamjibu, na hakuna anayembembeleza mwenzake. Nilimpigia simu mwalimu wangu nikamwekea aisikie. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu mzungu anajua kuuma. Halafu akaniambia nikate vibrato (kule kutikisa kidole juu ya uzi) niliyoizoea, nipige bashrafu (kipande cha taarabu cha ala tupu) nzima kwa sauti kavu kwanza, nisikie kama nina la kusema bila mapambo. Nimejaribu. Kuna mistari miwili iliyobaki imesimama, mingine yote imeanguka. Hiyo mingine ndiyo kazi yangu sasa.

Kijana_Dunda, nimemuuliza habari ya kutyuni. Amesema tutaongea akija, ni somo refu.

Kaka KwayaYaJioni, wewe uko Raskazone na mimi niko Ngamiani, hatuko mbali. Kuna zile Ngoma za Kiromania za Bartók, fupifupi, sita, za fidla na piano. Zilikuwa za piano peke yake, 1915, halafu Zoltán Székely akazigeuza. Szigeti na Bartók walizirekodi mwaka 1930. Je, ungekubali tujaribu hata mbili?

KwayaYaJioni (Raskazone, Tanga)

Nakubali. Tuanze na ya kwanza na ya pili; ya tatu fidla inapiga juu sana kwa sauti ya filimbi, hiyo utaniambia ukiwa tayari. Ya mwisho ina mbio, tuiache kabisa kwa sasa. Niletee noti za piano mapema nizipitie. Ijumaa baada ya mazoezi ya kwaya piano inakuwa huru, njoo saa moja na nusu usiku.